Mia na Moja Mara Mbili

6 Februari

Dada Tatu,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiondoa goti la Baba, linalotabiri mvua kuliko redio, na mafua yangu ya dukani. Ukisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, kila mwenye kikohozi anakukoholea kwanza ndipo anaulizia dawa. Mapacha wanaendeleaje? Waambie mama yao mdogo bado anangoja ile barua waliyoahidi.

Upepo wa mwezi uliopita uling'oa mabati ya upande wa jikoni. Fundi amekuja, amepigilia mengine, na amebadilisha ule ubao wa juu ya mlango wa mbele uliokuwa umeoza. Nakutumia picha uone mwenyewe, usije ukasema naiachia nyumba ya wazazi ianguke. Aliyeipiga ni mama wa jirani, ndiyo maana vichwa vyetu vimekatwa kidogo. Aliyekaa kwenye kiti ni Baba, mimi nimesimama nyuma yake.

Anakula vizuri. Anakuulizia. Nikipata nafasi nitaandika ndefu zaidi.

Mdogo wako,
Mia na Moja


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mapacha hawajambo. Mmoja ameota ndevu nne na tayari anatafuta kitana, mwingine anamcheka huku anajikagua kidevu kwenye kioo cha dukani kwangu. Kazi ipo ya kusukuma siku. Saa za mkononi watu siku hizi wanatupa, ila za ukutani bado wanaleta, hasa zile za urithi, na wakizileta wananieleza ukoo mzima kabla sijafungua hata skrubu moja.

Picha nimeipata. Vichwa kweli vimekatwa, lakini mlango umetoka vizuri. Umetoka vizuri mno, nadhani kuliko ulivyotaka.

Unaijua lenzi yangu ya kazini, ile ninayoibana jichoni. Niliivaa niisome namba ya juu ya mlango, kwa mazoea tu, kama mtu anavyotafuta sura yake kwanza kwenye picha ya watu wengi. Ninayoijua mimi kwa moyo ni 29 800 906 754 619. Iliyoandikwa kwenye ubao mpya ni 3 009 891 582 216 519. Nilifurahi. Nikasema huyu mtoto amepata mchumba, amenificha, Baba ameshampa namba. Nikachukua karatasi, nikagawa namba mpya kwa ya zamani nimjue shemeji yangu. Haikubaki kitu. Jibu likawa 101.

Nikasema nimekosea. Nikapima kwa ile njia ya Baba: unaikata namba vipande vya tarakimu mbili mbili kuanzia kulia, unajumlisha kipande kimoja, unatoa kinachofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukipata sifuri, au kitu kinachogawanyika kwa 101, basi 101 imo. Nilipata 202 chini ya sifuri. Imo. Nikagawa, nikapima na lile jibu, nikapata sifuri kavu. Imo tena. Wewe umo mara mbili.

Halafu nikajipima mimi. Namba yangu kuipima si kazi, unajumlisha tarakimu zote basi. Nilipata 69. Inagawanyika kwa tatu, kwa tisa haigawanyiki. Kwa hiyo mimi nimo mara moja, pale pale nilipokuwa.

Kanuni za nyumba ile unazijua kama mimi. Kila anayeingia anapewa namba tasa, isiyogawanyika na kitu ila moja na yenyewe, na ikishapewa mtu haipewi mwingine. Zote zinazidishwa, zao lake linaandikwa juu ya mlango. Akifa mtu hatumgawi. Akiondoka hatumgawi. Ndiyo maana 41 ya yule mwanamume aliyeniacha na mapacha tumboni bado inakaa mlangoni kwenu, pamoja na 239 na 271 za wanawe. Nilipomwomba Baba aitoe, aliniambia mlango haujui kugawa.

Sasa ngoja nikwambie usilolijua, maana hukuwapo. Babu alikuwa 7, Bibi 11, Baba 13. Ukiwazidisha unapata 1001. Mama alipoolewa akapewa 37, na namba ikawa 37 037. Baba alimwambia, tazama, umeingia kwa mlango wa mbele na wa nyuma. Halafu nikazaliwa mimi. Akanipa 3, na namba ikawa 111 111. Moja sita, zimejipanga kama wanafunzi asubuhi. Baba aliziandika ubaoni darasani, akawaambia watoto wa watu hii ni familia yangu, na wala hakufundisha kitu kingine kipindi kile. Watu wananiuliza kwa nini naitwa Tatu na mimi ni wa kwanza. Siwajibu. Mimi najua kwamba bila mimi zile moja zisingepatikana.

Nikakaa na moja zangu miaka sita, ukaja wewe. Baba akasema huyu ni mia na moja, anasomeka sawa kutoka kushoto na kulia. Namba ikawa 11 222 211. Mbili nne zikaja kukaa katikati ya moja zangu. Nililia siku nzima, Mama akadhani jino.

Hayo nilimeza. Hili la sasa linanikwama. Ulimfanyia nini Baba hata akuandike mara mbili? Au ulipanda ngazi mwenyewe?

Dada yako,
Tatu


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa. Dukani tulihamisha rafu zote, hata sasa nikiulizwa dawa ya macho mkono unaenda kwenye dawa ya minyoo. Baba alipata homa kidogo, imeshuka. Mama wa jirani anakaa naye ninapokuwa kazini, na anakusalimu.

Kuhusu mlango, Baba ni mtu mzima sasa. Mkono umeteleza tu. Usilitie moyoni.

Sikupanda ngazi. Niliishika.

Mapacha wanafanya mitihani lini? Nawaombea.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mitihani ni mwezi ujao. Mwenye ndevu anasoma, asiye na ndevu anasema anasoma.

Umeniandikia kwamba mkono umeteleza. Mkono ukiteleza unamwaga rangi. Namba ile ina tarakimu kumi na sita. Ingekosewa moja tu, yoyote, Bibi angetoka, Baba mwenyewe angetoka, Mama angetoka, kila mmoja angebakiza baki. Nimewapima wote, mmoja mmoja, juu ya meza ya saa, mteja amesimama anangoja. Wote wamo. Mkono ulioandika vile ulikuwa umetulia na kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Na wewe uliyeshika ngazi ulikuwa unasoma kila tarakimu inavyowekwa, maana umefundishwa na mwalimu yule yule.

Nilipiga simu dukani kwenu. Nikaambiwa una wateja. Kikohozi chako nilikisikia.

Sasa nasema bila kuzunguka. Nakuonea wivu. Nimekuonea wivu tangu ukiwa mtoto wa kubebwa, na umekuwa mtu mzima, na wivu wangu umekua na wewe. Mimi niliondoka kwa sababu nilikuwa na watoto wawili wa kulisha. Wewe ulibaki, ukabaki na Baba, na nyumba, na jioni zote za kukaa naye kibarazani. Sikulalamika. Nilijiambia, mlangoni angalau tuko sawa, kila mtu mara moja. Sasa hata hapo umenipita.

Msomee Baba barua hii. Mwambie anizidishe na mimi tatu ya pili. Haina gharama, ni kopo la rangi na brashi. Jumla ya tarakimu itagawanyika kwa tisa, na mimi nitapata usingizi.

Tatu


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako sikumsomea. Hii yangu nimeiandika na kuichana, nikaiandika tena, na ikiwa mbaya nayo utaipokea hivyo hivyo.

Baba hanijui.

Ilianza polepole. Kwanza aliniita kwa jina lako, nikasema ni uzee. Halafu akaacha kuniita jina lolote. Ananiita bibie. Nikimletea chai anainuka kidogo kitini, ananishukuru kama mtu aliyekaribishwa ugenini. Ananiuliza kama kwetu hawana wasiwasi nami. Nikifagia chumba chake anafunga mtoto wa meza na ufunguo anautia mfukoni, kwa adabu, asiniudhi.

Wewe anakujua. Mapacha anawajua, na namba zao, na yupi mkubwa kwa mwenzake. Hata 41 anamjua na anamwulizia kwa wema. Kila jioni anasogeza kiti cha pili kibarazani, anasema Tatu akitoka kazini atakaa hapa. Nikikikalia ananiambia, bibie, samahani, kiti kina mwenyewe.

Siku fundi alipobadilisha ubao, Baba aliniita. Alisema, "Bibie, umekaa hapa muda sasa, na hapa kwetu anayekaa ana namba." Akachukua boksi tupu la dawa, akalipasua, akakaa nalo dirishani asubuhi ile yote na kesho yake. Nikadhani anahangaika kuzidisha. Alipopanda ngazi nikamshikia, na alipokuwa anaweka zile tarakimu za mwisho nikajua amenipa namba yangu mwenyewe. Alikuwa amenisahau mimi, akasahau na kwamba mia na moja ina mtu. Mwalimu wetu, Dada, ambaye hakuwahi kurudia namba. Ningemwambia nini? Nilishika ngazi, basi.

Unaniuliza nilimfanyia nini. Nilimfulia, nilimkata kucha, nilimpa dawa kwa saa zake, na akanisahau. Wewe unakuja kila baada ya miaka miwili na sabuni ya kunukia, na anakuita kila siku. Unanionea wivu? Mimi ndiye ninayekuonea wivu, mpaka ziko siku sitaki kutaja jina lako humu ndani asije akakukumbuka zaidi. Siku moja alikuita huku analia. Nikaitika. Alinishika mkono akatulia, na nilikaa pale nikiwa wewe mpaka akasinzia.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utakachosema.

Mia na Moja


13 Juni

Mdogo wangu,

Pole. Barua yako niliisomea dukani, nikafunga mapema, na mwenye saa yake aliyekuja kuichukua alikuta mlango umefungwa.

Sitakuficha. Niliposoma kwamba ananiita mimi, nilifurahi kabla sijahuzunika. Furaha ilitangulia. Ulivyonijua tangu zamani ndivyo nilivyo.

Na ulijua nitakachosema, kwa hiyo nakisema. Kama ananijua mimi, aje akae na mimi. Mtu hawezi kuzeeka nyumbani kwake kama mgeni wa bibie asiyemfahamu. Mapacha watalala sebuleni, chumba chao nimekifagia na kitanda nimekiinua kwa matofali ili goti lisipate tabu. Wewe umefanya yako, pumzika. Nakuja mwisho wa Julai. Mfungashie nguo, dawa, na ile miwani ya kusomea.

Tatu


20 Agosti

Dada,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na mapacha hawakuunguza nyumba. Hapa mabati hayavuji.

Nimengoja barua yako, haikuja, nimeona nianze mimi.

Ulipofika getini Baba aliita "Tatu" kabla hujagusa komeo. Nilikuwa nimebeba beseni la nguo. Uso wake ulivyofunguka sijauona mwaka mzima, na nimekuwa naye mwaka mzima. Niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Siku zote ulizokaa nilikuwa naosha vyombo. Mlikuwa mnacheka kibarazani, nasikia anakufundisha kugawa kwa saba kama mtoto, na wewe unajifanya hujui, na mimi jikoni nakuchukia. Naandika hivyo kwa sababu ulisema ukweli wako na mimi nasema wangu.

Nilimfungashia kama ulivyoagiza. Asubuhi ya safari nilikwenda kazini makusudi, duka halijafunguliwa, nikakaa nje kwenye kreti. Sikutaka kumwona akikufuata kwa furaha asiage.

Nikarudi mchana, namkuta kibarazani. Mfuko umerudishwa chumbani, nguo zimekunjwa vibaya kitandani, na ukunjaji ule ni wako, naujua. Wewe umekwenda. Akaniambia, bibie, Tatu ameondoka, je, uji upo? Nikampa uji.

Sielewi. Ulimchoka kwa siku zile chache? Au ulienda kutafuta gari la nafuu zaidi na utarudi? Nguo zake ziko kwenye kiti, sijazipanga kabatini. Niambie nizipange au nizirudishe mfukoni.

Mdogo wako


9 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nyumba haikuungua, ila sufuria moja nimeitupa. Wamefaulu wote wawili, asiye na ndevu kampita mwenye ndevu, na sasa ndevu zimenyolewa kwa hasira. Unaona kwamba ugonjwa huu ni wa ukoo.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nimenuna. Sikununa kwa ajili ya barua yako. Nilinuna kabla hujaandika.

Asubuhi ile ulipotoka, nilimvalisha viatu. Mfuko ulikuwa mlangoni. Nikamwambia tunakwenda kwangu, akakubali vizuri, akasimama, akashika fimbo. Tulipofika chini ya mlango akasita, akanivuta sikio karibu, kama anavyofanya akitaka kumsema mtu. Aliniuliza yule bibie ataambiwa nini. Nikasema bibie ataelewa. Akasema hapana, huwezi kumwacha mtu mwenye namba ndani ya nyumba ukaondoka kama umepanga hoteli. Akanyoosha fimbo juu kwenye ubao.

Hapo nikapata nafasi yangu, na niliitumia, maana nilikuja nayo tangu kwangu. Nikamwambia, "Mzee, namba uliyompa ina mwenyewe. Mia na moja ni ya mdogo wangu. Umesahau."

Alinitazama vile alivyokuwa akimtazama mtu aliyelala darasani. Akasema, na ninakuandikia kama alivyosema:

"Sijasahau. Namba hairudiwi, kanuni niliiweka mimi. Nilijaribu kumpa 103, nikajaribu 107. Hazimkai. Nina binti yangu mdogo, hayupo siku hizi, sijui yuko wapi, na huyu bibie ni mtu wa namna yake. Namba ya yule mtoto nisingempa mtu hivi hivi. Akirudi nitamwomba radhi. Ana moyo, hatakataa."

Nilishika fremu ya mlango. Zile asubuhi mbili alizokaa dirishani na boksi la dawa, wewe ulidhani anahangaika kuzidisha. Kuzidisha kwa 101 ni kuandika namba, kuisogeza nafasi mbili na kujumlisha, kazi ya dakika. Yule mzee alikuwa anatafuta namba nyingine ya kukupa, na hakuipata.

Na mimi, mjinga, sikuishia hapo. Mtu mzima, viatu vya baba yangu nimemfunga mwenyewe, mfuko uko miguuni, nikamwambia, "Basi na mimi nizidishie. Nipe tatu ya pili."

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kwani wewe ni mgeni?"

Akageuka, akarudi kwenye kiti chake, akaniuliza kama bibie atachelewa kazini, kwa sababu yeye uji wa mtu mwingine hauwezi. Nilirudisha nguo kitandani. Sikukusubiri kwa kuwa nisingeweza kukutazama usoni siku ile bila kukufinya.

Panga nguo zake kabatini. Atakaa hapo. Kiti cha pili kibarazani kikalie tu, akikwambia kina mwenyewe mwambie Tatu ameruhusu, mimi ananisikiliza. Nitakuja Desemba na mapacha, tutakaa wote, na wewe utatoka jikoni.

Barua yangu ya Februari haikukosea hata tarakimu moja, nataka ulijue hilo. Mara ya kwanza alikupa namba kwa sababu ulizaliwa, na aliyezaliwa hana budi kupewa. Mara ya pili hakukujua, hakuwa na wajibu wowote kwako, na bado akakupa ile ile. Mimi nimejipima tena jana, nikajumlisha tarakimu zote polepole. Bado ni 69.

Usinijibu kwa upole. Nina wivu mpaka kwenye kucha.

Dada yako,
Tatu, mara moja tu